Askari wa Tumboni mwa Msasa

Pale Ihanda, ubavuni mwa ghala la kahawa la ushirika, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na kila alasiri wanaume wanne walikutana hapo kuamua mambo ya dunia ambayo hakuna aliyewaomba wayaamue. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, msimu wa mavuno. Watu walioleta kahawa kupimwa waliwapita wakiwasikia wakibishana kama mwezi wa leo ndio ule ule wa jana, nao wakaongeza mwendo. Kahawa ya kijiwe hicho haikunywewa kikombeni. Ilitafunwa, kama inavyotafunwa huku kwetu: buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa, zikatiwa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, kikapita mkono kwa mkono. Mtu mwenye buni mdomoni anatakiwa awe ametulia. Hawa walitafuna na kusema kwa pamoja.

Kikapu kilikuwa cha Mzee Rwezaura, waliyemwita Jaji. Zamani, siku moja tu, alikalishwa kwenye baraza la chifu kujaza nafasi ya mzee aliyeshikwa na tumbo la kuhara, na tangu siku hiyo hakupata kusema neno ila alilitoa kama hukumu. Kiunoni alichomeka kisu kifupi chenye mpini wa pembe. Kwa kisu hicho alimenya miwa, alikwangua kiko chake, alipasua buni, alijitoa funza wa vidoleni, na akiwa na nguvu za ziada alikitumia kuonyesha upepo unatoka wapi. Akimaliza alikifuta pajani, upande huu na upande huu, akakirudisha kiunoni. Watu walikiheshimu kisu kile kuliko mwenyewe.

Pembeni pa ubao, chini ya kibanda cha nyasi, alikaa Yustasi, fundi baiskeli. Waliyemwita Msasa ndiye huyo, kwanza kwa ajili ya msasa aliosugulia mipira kabla ya kubandika kiraka, na pili kwa ajili ya ulimi wake, ambao ulikwangua zaidi. Ukimpelekea baiskeli iliyopinda atakuambia aliyepinda ni wewe. Watu walinuna, wakaondoka, wakarudi, maana fundi mwingine alikuwa mbali, na pia, tuseme kweli tu, kumsikia Msasa akimkwangua mwenzako ni raha.

Lakini siku hiyo Msasa alikuwa hainami. Kila aliyekuja na pancha alipewa pampu ajaze upepo mwenyewe, na akiuliza kwa nini, anaambiwa kwamba Mungu alimpa mikono miwili na wala si ya kujikunia tu. Alikuwa amevaa koti zito la kaki, vifungo vyote vimefungwa, kwenye jua la mwezi wa saba. Ndani ya koti, vidole viwili chini ya kitovu, palikuwa na chale ya siku tisa, na hapo kwenye chale pamevimba kama yai la kuku, pamewiva, pana moto, panapiga sambamba na moyo wake. Mkewe Pulkeria alidhani ni mgongo. Yeye mwenyewe alimwambia ni mgongo.

Siku tisa nyuma yeye na Byaruhanga, mfugaji wa upande wa Isingiro, walikula undugu wa damu. Namna yake inajulikana: tunda moja la kahawa linapasuliwa, ndani mna buni mbili zilizolala pamoja; kila mmoja anachanjwa chini ya kitovu, anapaka buni yake damu, anampa mwenzake aimeze. Kisha linasemwa neno: nikikusaliti, nikikusema vibaya kisogoni, tumbo langu livimbe. Jaji ndiye aliyewachanja, kwa kisu kile cha kiunoni. Walifanya kwa siri, mbele ya watu wa kijiwe tu, kwa sababu wote wawili walikuwa wamebatizwa, na padre alikwisha kutangaza madhabahuni kwamba mwenye kuendekeza mambo hayo asithubutu kuisogelea komunyo.

Kesho yake tu, kesho yake, Msasa alikaa pale pale kijiweni akamwigiza ndugu yake. Byaruhanga alikuwa amemwambia, kama mtu anavyomwambia nduguye, kwamba ng'ombe wake mwekundu alipokufa alilia siku mbili, akamwita kwa jina kama mtu anayemwita mama yake. Msasa aliigiza kilio chenyewe, kamasi na yote, akamwita yule ng'ombe kwa sauti nyembamba mpaka kijiwe kizima kikashika mbavu. Siku ya tatu chale ikaanza kuwasha. Siku ya tano akavaa koti.

Kwa hiyo alijua, au aliamini anajua. Akienda zahanati ya misheni, ataambiwa afunue tumbo, dresa anayefunga vidonda ataiona chale, padre atapata habari, na Ihanda yote itajua kwamba kiapo kimemkamata Msasa kwa ulimi wake. Asipoenda atakufa. Kati ya hayo mawili alikuwa amekaa siku nne, akimchokoza kila mtu ili mtu asije akamuuliza lolote.

Aliyeanzisha mabishano ya siku hiyo alikuwa karani wa ghala, Protase, mtu wa Muleba, anayependa kusoma mpaka karatasi za kufungia chumvi. Alikuja ameshikilia kichwa upande mmoja, shingoni ana bandeji nyeupe.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, alisema Msasa, ambaye hakuwa mzee wala nini. Karani, leo umeamua kuvaa kola bila shati?

Wakacheka. Protase hakujali. Alikuwa ameona kitu, na mtu aliyeona kitu hajali. Alieleza kwamba jipu lake lilikuwa limepasuliwa asubuhi ile, na yule dresa, kijana mpole anayependa kufundisha, alichukua tone la usaha akalipaka kwenye kioo, akaliweka chini ya hadubini, akamwambia njoo uwaone watu wako.

— Nimeutazama usaha wangu kwa jicho hili, alisema Protase.

— Ukausalimia? aliuliza Msasa.

— Si uchafu, Msasa. Sote tulidhani ni uchafu. Ni chembe nyeupe za damu. Ni askari. Wamekufa kwa maelfu.

Hapo neno askari lilimgusa Tumwine. Tumwine walimwita Keya, kwa jina la jeshi la Waingereza alilolitumikia. Alipigana Bama, mbali huko Asia, vita ya Hitla, akarudi na kofia moja, mguu mmoja usiokunjika, na maelezo ya kila kitu. Aliuliza askari hao wanakaa wapi, wanalishwa na nani, na mkubwa wao ni wa cheo gani.

Protase akaeleza kama alivyoelezwa. Askari hao kila mtu anao, hata mtoto mchanga. Siku za kawaida wanazunguka ndani ya mishipa wakipiga doria. Ikiingia takataka mwilini, kwa mwiba au kwa chombo, walio karibu wanaishika na kuanza kuila, na wakati huo huo wanapeleka habari kwa wenzao. Mishipa ya mahali hapo inatanuka, damu inajaa, ndiyo maana panakuwa pekundu na moto. Kuta za mishipa zinalegea, maji yanavuja nje, ndiyo maana panavimba. Askari wengine wanajipenyeza kwenye nyufa hizo kuja vitani. Wanaokufa ndio usaha.

— Kwa hiyo kinachovimbisha si ile takataka, alisema. Takataka inaita tu. Wanaovimbisha ni watu wako mwenyewe.

Msasa alikuwa na sumasuma mkononi, ile ya kutolea tairi, na alijikuta anaibana sana. Watu wako mwenyewe. Alitaka Protase arudie. Badala yake alimwambia kwamba karani akipasuliwa jipu anageuka daktari, basi akitahiriwa atageuka askofu.

Keya hakucheka. Yeye alikwisha kuingia tumboni mwa watu na bunduki. Alisema sasa ameelewa mambo yote. Joto la jipu ni moto wa jikoni, maana jeshi lolote likipiga kambi kwanza linapika. Maji ya uvimbe ni kwa sababu wanachimba mahandaki na huku kwetu ukichimba sana unakuta chemchemi. Yale mapigo unayoyasikia ndani, dum dum, hayo ni gwaride. Na akaapa kwamba jenerali wa askari hao anakaa nyuma ya kitovu, kwa sababu ndiko katikati, na mkubwa hawezi kukaa pembeni ambako anaweza kupigwa.

Alipotaja kitovu, Msasa akajisogeza kwenye kivuli.

Jaji alikuwa amewaacha waseme, kama afanyavyo, ili baadaye aonekane amevumilia. Alitoa kisu, akapasua buni, akaitupa mdomoni, akauliza swali lake la kwanza kwa upole wa kutisha. Kama askari ni wangu, mbona wananiumiza? Mbwa wangu haniumi. Ng'ombe wangu hanipigi pembe. Iweje damu yangu, niliyoilisha ndizi miaka sitini, inichome moto?

Protase akakiri kwamba yeye pia alimuuliza dresa hilo. Dresa alimjibu kwamba askari hao hawana macho ya kuona kwamba nyumba wanayoibomoa ndiyo wanayoilinda. Wanapigana maadamu kilichowaita bado kipo. Na hata kikishaondoka, mara nyingine hawapati habari, wanaendelea tu, mpaka mtu anaumwa na ulinzi wenyewe kuliko alivyoumwa na adui.

— Hiyo ni kweli kabisa, alisema Keya, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Kuna kijiji tulikilinda kule. Tulikata migomba yao yote ili tuone mbali. Tulikula kuku wao. Tulivunja milango tukaifanya kuni. Adui hakuja. Tulipoondoka, mama mmoja alisimama akatutazama tu.

Kijiwe kile hakikuzoea mtu aseme kitu cha kweli. Jaji akaona nafasi yake.

Alisema hizo zote ni hadithi za watu waliochungulia kwenye chupa. Uvimbe, alisema, ni hukumu. Mwili ni karatasi, na kosa la mtu linaandikwa mahali pake. Akatoa ushahidi, maana Jaji hakukosa ushahidi. Yule jamaa aliyehamisha mpaka wa shamba la jirani, alivimba nini? Mguu, kwa sababu ndio aliokanyagia. Joviana mke wa mpiga kengele, aliyeeneza maneno ya uongo, alivimba nini? Shavu. Na Protase amevimba shingo kwa sababu tangu alipopewa kalamu ya ghala anatembea ameinua kichwa hivi, kama bata bukini. Akaendelea hivyo mpaka akafika kwenye ng'ombe, akasema hata kupe hawamrukii ng'ombe wa mtu mwaminifu.

— Basi wewe, Jaji, ungekuwa umeshafura kama kiboko, alisema Msasa. Tusingepata pa kukaa.

Lilikuwa neno zuri, na siku nyingine lingetosha kuwafukuza wote nyumbani wakicheka. Lakini lilitoka na pumzi fupi, na jasho lilikuwa likimshuka kwenye nyusi. Jaji akamtazama, kisha akamtazama zaidi.

— Sasa nitawapa ushahidi ulio hai, alisema Jaji. Mnajua mimi niliwachanja wawili mwezi huu. Mmoja yuko hapa. Siku tisa. Kama maneno ya Protase ni kweli, kila anayechanjwa angevimba, si ndiyo? Maana askari wangetoka. Lakini mwenye ulimi mmoja havimbi. Chale yake inafunga kama mdomo wa mtoto mchanga aliyeshiba. Msasa, wafunulie.

— Nimfunulie nani tumbo? Mke wangu mwenyewe analiona kwa ruhusa.

— Funua tu, mara moja, tumalize kesi.

— Kesi nani amefungua? Wewe ulikaa barazani siku moja, Jaji, na siku yenyewe ulisinzia.

Keya akacheka, lakini Jaji hakucheka, na kisu kilikuwa bado mkononi, ncha yake inaelekea kwenye vifungo vya koti. Akauliza kwa nini mtu mwenye afya avae koti la masika kwenye kiangazi. Akauliza kwa nini fundi aliyekuwa akilala chini ya baiskeli kama kenge hainami tangu Jumatatu. Maswali yalikuwa mazuri. Hata mpumbavu akitupa mawe mengi, moja linapata. Protase naye akageuza ile shingo yake ngumu, na Msasa akaona macho ya wenzake watatu, ambao juzi tu walishika mbavu kwa kilio cha ng'ombe, yote yanamngojea.

Aliogopa. Si kufa tu. Aliogopa kwamba watu hawa watamcheka, kwa kicheko kile kile alichowafundisha yeye mwenyewe.

Wakati huo ndipo mwanamke mmoja alipotokea kwenye njia ya kaskazini, anatembea upesi, vumbi limempanda mpaka magotini. Nyuma yake, kwenye kona, wanaume wanne walikuwa wametua machela chini wapumzike. Alipiga goti nusu mbele ya Jaji, kama mwanamke aliyelelewa vizuri anavyomsalimu mzee, akamwita waitu, neno la heshima la kwao.

— Shikamoo waitu.

— Marahaba, binti.

— Mimi ni Kyarisiima, mke wa Byaruhanga. Tumetoka nyumbani jana asubuhi, tumelala njiani. Namtafuta shemeji yangu, Yustasi fundi.

Hapakuwa na haja ya kumwonyesha. Alimtambua kwa sumasuma mkononi. Alimwendea, akasimama mbele yake na kuangalia chini, akayasema maneno aliyotumwa, polepole, kama mtu aliyeyarudia moyoni njia nzima asiyamwage.

— Shemeji, ndugu yako amevimba tumbo. Pale pale mlipochanjwa. Tunampeleka zahanati. Lakini ametuma nipite kwako kwanza, maana hataki kufa na deni la maneno. Anasema umsamehe. Siku ile alipofika nyumbani alinisimulia habari zako. Alisema wewe ungekuwa ng'ombe, ungejaza ndoo kisha ungeipiga teke. Alicheka sana. Na mimi nilicheka. Anasema ndiyo sababu kiapo kimemkamata.

Neno lenyewe lilikuwa la kweli tena lilikuwa zuri, zuri kuliko mengi ya Msasa mwenyewe. Alifikiria Byaruhanga amelala juu ya fito siku mbili, anapigwa na jua, akijilaumu kwa mzaha mmoja mdogo aliousema kitandani kwake na mkewe, wakati yeye alimtangaza kijiweni. Aibu ikamuuma kuliko tumbo.

Akaanza kufungua koti. Vifungo vilikuwa sita. Kijiwe kilivihesabu.

— Mimi nilimsema kabla yake, shemeji, alisema. Kesho yake tu. Hapa hapa. Nilimwigiza alivyomlilia ng'ombe. Hawa wote walikuwapo. Wote walicheka.

Akainua shati. Keya akavuta pumzi kwa meno. Protase akasimama, akatazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba ndivyo hasa ilivyokuwa shingo yake jana: pekundu, pamekazana, panameta. Lakini Jaji uso ulimng'aa. Miaka yote aliyokaa juu ya ubao ule alikuwa akiingoja siku dunia itakapomkubalia, na sasa ilikuwa imemkubalia mara mbili kwa siku moja.

— Mmeona? alisema. Wote wawili. Huyu alisema huku, yule alisema kule, na kiapo hakikukosea nyumba. Askari, ati. Askari gani anajua njia ya Ihanda na ya Isingiro? Hii ni hukumu, na mimi nasema...

Kyarisiima hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amechuchumaa mbele ya shemeji yake, anauchungulia uvimbe kama anavyochungulia kiwele cha ng'ombe aliyegoma kukamuliwa, hagusi, anatazama tu ukingo wa ule wekundu umefika wapi. Mtu aliyekulia zizini hana haya ya kutazama ugonjwa. Akainuka, akamgeukia Jaji, macho yakashuka mpaka kwenye mkono wake.

— Samahani waitu, alisema. Sisi hata ng'ombe tukimtoboa sikio, kisu tunakipitisha motoni kwanza. Hiki mlichowachanjia, mlikiosha?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama chumvi imeshatiwa. Lakini ubao mzima uliacha kutafuna.

Maana walikumbuka. Msasa alikumbuka kuliko wote. Asubuhi ile ya kiapo Jaji alikuwa amekaa kwenye gogo uani kwa Msasa, mguu mmoja juu ya mwingine, akimtafuta funza chini ya ukucha wa dole gumba. Alimtafuta kwa muda mrefu, akimtukana. Alipompata, akamwonyesha kila mtu kwenye ncha ya kisu, akakifuta pajani upande huu na upande huu, akasema haya, njooni ndugu, nani anaanza. Msasa ndiye aliyeanza. Byaruhanga akafuata, kwa ncha ile ile.

Protase, aliyekuwa na maelezo ya maelfu ya askari, aliigusa bandeji yake shingoni. Dresa alimwambia yote, kwamba takataka inaingia kwa mwiba au kwa chombo, na yeye mwenyewe aliyatamka maneno hayo saa moja iliyopita, huku chombo chenyewe kinapasua buni mbele ya pua yake. Keya alitazama mguu wake usiokunjika. Jaji alitazama kisu. Alitafuna kidogo, ingawa buni ilikuwa imekwisha mdomoni, kisha akafanya jambo pekee lililomjia. Alifungua kikapu, akatoa tunda la mwisho, akalipasua kwa kisu, akawanyoshea wenzake.

Hakuna aliyenyosha mkono.

Msasa hakulifunga koti tena. Aliiweka sumasuma juu ya kigoda, akamwambia Protase kwamba baiskeli ya mkatekista iko tayari, ila breki aikaze mwenyewe, kisha akamfuata shemeji yake kwenye njia, akitembea upande kama kaa. Alijua dresa ataiona chale. Alijua Jumapili hatakaribia altare, wala Jumapili zile nyingine nyingi. Aliona bora akose mkate kuliko kukosa Jumapili yenyewe.

Byaruhanga alikuwa amelala ubavu kwenye machela, midomo imekauka, macho yanang'aa kwa homa. Msasa alishika fito, akainama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na maumivu yakamtoa machozi, au ndivyo alivyosema baadaye.

— Ndugu yangu, na mimi nilikusema, alisema. Niliwaambia ulimlilia ng'ombe.

Byaruhanga alifikiri kwa muda, kama mtu anayetafuta tusi liko wapi ndani ya maneno hayo.

— Nililia kweli, alisema. Alikuwa ng'ombe mzuri.

Neno la mzaha likamjia Msasa mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaliacha. Wabebaji wakainua machela. Walikwenda, mmoja amebebwa, mmoja ameshikilia fito asianguke, na Kyarisiima mbele yao akiwaharakisha.

Pale mwinuko unapoanza Msasa aligeuka mara moja. Ubao ulikuwa bado na watu wake watatu, lakini Keya na Protase walikuwa wamesogea mwisho kabisa, wamebanana. Jaji alikaa peke yake upande wa pili, na zile buni mbili kwenye kiganja. Mwishowe akazitupa mdomoni zote mbili. Kisha akakifuta kisu pajani, upande huu na upande huu, akakirudisha kiunoni.